Kadi ya Kliniki ya Mzee Iko Wapi?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Kariakoo, Dar es Salaam.)



Nimeombwa nizungumze juu ya afya ya wazee wetu. Mimi si mganga. Ni mwandishi wa habari. Kwa hiyo yale ya kitaalamu nitawaachia wenye taaluma yao, nami nitasema yale yanayomhusu kila mwananchi mwenye mzazi, na kila mwananchi anayetarajia kuzeeka.

Naomba nianze na habari ya nyumbani. Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Mwaka jana alikwenda Gerezani kununua mbao, akakanyaga msumari. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akanyamaza. Nilipopata habari siku ya pili nilikwenda kumwamkia, kisha nikamwuliza, “Baba, chanjo ya pepopunda ulichanjwa lini?” Akakunja mkono wa shati, akanionyesha kovu la chanjo ya ndui. “Hii hapa,” akasema. “Nilichanjwa nikiwa darasa la pili.”

Jioni ile tulikwenda zahanati. Akasafishwa kidonda, akachanjwa, na alhamdulillahi akapona. Lakini mimi nilirudi nyumbani na fadhaa. Katika sanduku langu zimo kadi za kliniki za wanangu wawili, kila tarehe imeandikwa na kila chanjo imewekewa alama. Ya baba aliyenisomesha sikuwa nayo hata karatasi moja.

Ndugu zangu, kovu lile ni ushahidi wa kazi kubwa iliyofanywa na wanadamu. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977. Alipona, na baadaye akatumia miaka mingi kuwahimiza wenzake wakubali chanjo ya polio, mpaka alipofariki mwaka 2013. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetoweka. Kwa hiyo mzee mwenye kovu lile analindwa na ugonjwa ambao haupo tena. Dhidi ya pepopunda, ambayo ipo, kovu lile halina msaada wowote.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulitafakari. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975. Mtanzania aliyezaliwa kabla ya hapo alikwisha pita utoto wake kabla mpango huo haujamfikia. Akina mama wengi walipata chanjo ya pepopunda baadaye, walipohudhuria kliniki wakiwa waja wazito. Baba zetu hawakuwa na kliniki ya kuwaita. Mzee wa kiume wa miaka sitini na mitano leo yawezekana kabisa hajapata hata dozi moja, isipokuwa kama alijeruhiwa akafikishwa hospitali.

Basi tuutazame mtaa huu tulipo. Katika Kariakoo wako wazee wanaosukuma mikokoteni, wanaobeba magunia, wanaofua vyuma, wanaouza mbogamboga chini. Misumari, mabati na vipande vya vyuma vimetapakaa. Viini vya pepopunda hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, huingia mwilini kwa njia ya kidonda, na baada ya siku kadhaa sumu yake hushika mishipa ya fahamu. Taya hukaza, mwili hukakamaa, na pumzi hupata taabu. Aliyeugua akapona hapati kinga kwa kuugua huko, lazima achanjwe.

Aidha, yafaa ieleweke kwamba ugonjwa huu hauambukizwi na mtu kwa mtu. Katika surua, mtoto wa jirani akichanjwa, na wewe umepata hifadhi kidogo. Katika pepopunda hakuna hifadhi ya kuazima. Hata tukiwachanja wajukuu wote wa Ilala, babu asiyechanjwa atabaki vile vile alivyo. Mtu mzima ambaye hajapata kuchanjwa huhitaji dozi tano: ya pili baada ya wiki nne au zaidi, ya tatu baada ya miezi sita, na mbili za mwisho kwa kuachana mwaka mmoja mmoja. Ni safari ya miaka mitatu hivi, na bila ya kumbukumbu ya maandishi haikamiliki.

Ziko chanjo nyingine zinazomhusu mtu wa makamo na mzee. Iko ya mafua makali, ambayo hurudiwa kila mwaka. Iko ya nimonia. Iko ya mkanda wa jeshi, ugonjwa uletwao na virusi vile vile vya tetekuwanga vilivyolala mwilini tangu utotoni. Iko ya homa ya uti wa mgongo, ambayo kila anayekwenda Hija hutakiwa kuwa nayo. Ukweli ni kwamba baadhi ya chanjo hizi hazimo katika ratiba ya kawaida ya wazee wetu, na mwenye kuzitaka hulazimika kuzinunua. Kwa hiyo yafaa kumwuliza mganga ipi inamfaa mzee kulingana na hali yake, badala ya kuzikimbilia zote au kuzikataa zote.

Wapo wanaosema, “Mzee amekwisha kula chumvi nyingi, sindano ya nini?” Hoja hii haina msingi. Nguvu ya mwili ya kujikinga hupungua umri unapoendelea, na ndiyo maana chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan hapa Dar es Salaam tarehe 28 Julai, mwaka 2021, akichanjwa mwenyewe hadharani, waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, wenye magonjwa sugu na watu wa miaka hamsini na kuendelea. Zaidi ya hayo, nani anayelea wajukuu katika nyumba zetu wazazi wanapokwenda kazini? Mzee akianguka, nyumba nzima inayumba.

Hata hivyo nisije nikaeleweka kwamba sindano ni jawabu la kila jambo. Shinikizo la damu halina chanjo, wala kisukari, wala mtoto wa jicho. Kinga yake ni kupima. Shinikizo la damu halipigi hodi. Mtu huweza kuwa nalo miaka mingi bila ya kuhisi lolote, mpaka siku apoozapo upande mmoja. Mzee akipewa vidonge huvimeza mpaka apate nafuu, kisha huviacha, kwa sababu tangu zamani tumezoea kwamba dawa humalizika homa inapokwisha. Jambo hili linahitaji mwalimu.

Na ninyi ndio walimu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakajifunza, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Waliowaongoza katika vikundi vile hawakuwa madaktari. Walikuwa wananchi wenye kujua kusoma na kueleza. Kazi ya namna ile tunaiweza hata leo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu akirudi nyumbani amwulize baba na mama: mmechanjwa nini, lini? Kisha anunue daftari moja, aandike humo chanjo, kipimo cha damu, kipimo cha sukari na dawa. Pili, walimu wawatume wanafunzi wakaulize hivyo hivyo kwa babu na bibi. Itakuwa somo la afya na somo la historia kwa pamoja. Tatu, watumishi wenye dhamana katika kata na zahanati waone kwamba huduma inamfuata mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imekwisha andikwa, na matibabu bila malipo kwa mzee asiye na uwezo yamekwisha kubaliwa. Hapana budi mzee wa mkokoteni, mwenye kidonda mguuni, ayaone maneno hayo dirishani, siyo katika kabati la ofisi.

Sheria inatutaka sisi watumishi tustaafu tufikapo miaka sitini. Siku hiyo haiko mbali kama tunavyodhani. Baba yangu sasa anayo kadi. Ina tarehe mbili, na ya tatu tumekwisha iandika katika kalenda ya ukutani.