Safari ya Kichupa cha Chanjo

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo kuna hesabu.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya dawa ya chanjo. Hatutasema namna inavyofanya kazi mwilini. Hilo ni somo jingine. Tutasema namna inavyosafiri na inavyotunzwa njiani. Mfano wetu ni ugonjwa wa Korona, yaani UVIKO-19, ambao Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kuwa umeenea ulimwenguni.

Chanjo ya Korona ilipatikana upesi kuliko watu wengi walivyotazamia. Tarehe 8 Desemba 2020, katika mji wa Coventry, Uingereza, bibi mmoja wa miaka 90 alidungwa sindano ya chanjo ya Pfizer, na Waingereza wengine wakafuata. Hapo wako waliosema, basi, taabu imekwisha. Kumbe kutengeneza dawa ni jambo moja, na kuifikisha katika mkono wa mtu wa Turkana au wa Kigoma ni jambo jingine kabisa.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni namba hizi, moja chini ya nyingine: 100, 37, 8, 2, 0. Mwisho kabisa andika 70, na mbele yake weka alama ya kutoa. Hivi ni vipimo vya joto, kwa digrii za sentigredi. Kwenye 100 maji huchemka. Kwenye 37 ndilo joto la mwili wa mtu mzima asiye na homa. Kwenye 0 maji huganda kuwa barafu. Kati ya 2 na 8 ndipo friji ya chanjo inapotakiwa kukaa. Na ile 70 chini ya sifuri? Ndiyo baridi iliyotakiwa na chanjo ya Pfizer wakati ilipoanza kutolewa. Hata vilele vya Kilimanjaro havina baridi ya namna hiyo.

Kwa nini baridi? Chanjo ni kama maziwa: ikikaa katika joto huharibika. Lakini kuna tofauti, tena tofauti ya hatari. Maziwa yakiharibika pua itakuambia. Chanjo iliyoharibika kwa joto mara nyingi haibadiliki rangi wala harufu. Mganga ataidunga, mtu atarudi nyumbani akiamini ana kinga, kumbe hana. Atakwenda kumwuguza mama yake bila hofu. Huo ndio ubaya wake.

Basi chanjo ya Pfizer ilisafirishwa katika makasha yenye barafu kavu. Barafu hii si maji. Ni ile hewa tunayoitoa tunapopumua, imegandishwa, na baridi yake hufika kama digrii 78 chini ya sifuri. Haiyeyuki ikawa maji, bali hutoweka hewani. Kwa hiyo haifai kuwekwa katika chumba kidogo kisicho na madirisha, maana hewa yake yaweza kumziba mtu pumzi. Kwenye kasha lililokwisha funguliwa lazima barafu iongezwe kila baada ya siku chache. Jiulizeni, katika wilaya yenu, barafu hiyo ingetoka wapi?

Wako waliosema kwamba baridi ya namna hii haiwezekani katika Afrika. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi uko. Ugonjwa wa Ebola ulipozuka mashariki ya Kongo mwaka wa 2018, chanjo yake nayo ilitaka kukaa kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Wafanya kazi wa afya wa Kongo na wenzao waliichukua katika makasha maalum yanayohifadhi baridi kwa siku kadhaa, wakaifikisha Beni, Butembo na vijiji vya porini, katika nchi yenye vita na barabara mbovu. Ugonjwa ule ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamekwisha chanjwa. Inawezekana, basi. Ila ni ghali, na yahitaji watu waliofundishwa kazi.

Nchi nyingi zetu zilianza na chanjo ya AstraZeneca, ambayo ilikaa katika friji ya kawaida. Kenya ilipokea dozi milioni moja na kidogo mapema mwezi wa Machi 2021. Kutoka uwanja wa ndege zilipelekwa bohari kuu la Kitengela, kisha zikagawanywa mikoani, kisha hospitali na vituo vya afya. Hesabuni mara ngapi kichupa kilitolewa mahali pamoja na kuwekwa mahali pengine. Kila mara ni nafasi ya kukosea: gari lasimama juani, umeme wakatika usiku, mlango wa friji wasahauliwa wazi.

Tena baridi ikizidi pia huharibu. Chanjo ya AstraZeneca haikutaka kugandishwa. Mtu mwenye haraka akibananisha vichupa na barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza, akidhani anavitunza, amekwisha viua. Ndiyo maana katika friji ya chanjo hukaa kipimajoto, na mfanya kazi hukisoma asubuhi na jioni, hata siku ya sikukuu, akaandika namba katika karatasi. Wala soda za mkubwa hazifai kuwekwa mle, maana mlango ukifunguliwa mara kwa mara joto huingia.

Sasa tuje kwenye tarehe, ambayo naiona ngumu kuliko baridi. Kila kichupa kina siku yake ya mwisho. Malawi ilipelekewa dozi 102,000 za AstraZeneca tarehe 26 Machi 2021. Siku ya mwisho wa dawa hiyo ilikuwa tarehe 13 Aprili. Andikeni hesabu hiyo: ni siku ngapi? Ni siku 18. Katika siku hizo ilitakiwa kupakua, kugawa, kusafirisha, na kuwaeleza watu waliokwisha sikia uvumi wa kila aina. Dozi nyingi zilitumika. Zile 19,610 zilizobaki zilichomwa moto hadharani mjini Lilongwe mwezi wa Mei, ili wananchi waone kwa macho yao kwamba hawatadungwa dawa iliyopita muda. Wengine waliilaumu Malawi. Mimi nauliza, anayekupa chakula cha jana jioni wakati umekwisha lala, amekupa nini?

Kongo nayo ilipokea dozi milioni 1.7 tarehe 2 Machi 2021. Kazi ikasimamishwa kwa sababu ya habari zilizotoka Ulaya juu ya damu kuganda kwa baadhi ya waliochanjwa, ikaanza tarehe 19 Aprili. Muda ukawa mfupi mno. Dozi milioni 1.3 zikatolewa zipelekwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Hilo lilikuwa jambo la busara.

Na mwisho wa safari kuna mwuguzi mmoja na kichupa kimoja. Kichupa cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10, na kikifunguliwa ilikuwa lazima kitumike katika muda wa saa 6. Wamefika watu 4, mmoja ni mzee aliyetembea tangu alfajiri. Akifungua, huenda dozi 6 zikamwagwa jioni. Asipofungua, mzee yule huenda asirudi tena. Pahali pengine mwuguzi hutuma habari kijijini watu waje siku moja pamoja, na njia hiyo husaidia sana. Lakini kama sita hawaonekani, mimi ningesema afungue. Wenzangu wengine hawakubali. Jadilianeni.

Tanzania ilipoanza, mwezi wa Julai 2021, ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson. Hii ilikuwa na dozi 5 tu katika kichupa, ilikaa katika friji ya kawaida, na sindano moja ilitosha kwa kuanzia. Kwa mtu akaaye mbali na zahanati, kutoitwa mara ya pili ni faida kubwa.

Sasa kazi ya darasa. Kituo kina vichupa 14, kila kimoja dozi 10. Watu 93 wamechanjwa kwa siku tatu: 38, 21, na 34. Kila jioni dozi zilizobaki katika kichupa kilichofunguliwa zilimwagwa. Je, ni vichupa vingapi vilifunguliwa, na ni dozi ngapi zilimwagwa? Mwalimu atasahihisha. Majibu nitayasoma juma lijalo, saa hii hii. Kwaherini.