Chakula cha Asili na Nyama ya Porini

Maneno tutakayonena nanyi leo ni ya chungu na sahani, nayo yahusu kila nyumba, kwa kuwa hakuna nyumba isiyokula.

Watu wengi huuliza: Je, chakula kilicholimwa bila mbolea na dawa za viwandani ni bora kuliko kile kilichotiwa? Na wengine huongeza kusema: Ikiwa ndivyo, basi nyama safi kuliko zote ni ya porini, maana swala hakudungwa sindano wala hakulishwa chakula cha dukani. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Na katika mambo ya chakula, mtu aliyeshika upande mmoja tu wa jambo aweza kujidhuru yeye na watoto wake.

Kwanza na tuondoe kosa moja. Kitu kuwa cha asili si dalili ya kuwa hakina madhara. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime, wakati wa ukame, watu zaidi ya 100 walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Hawakuwa wamekula dawa ya kiwanda chochote. Walikula muhogo mchungu, ambao una sumu yake tangu ulipokuwa shambani, na kwa sababu ya njaa haukupewa muda wake wa kuvundikwa na kuanikwa. Tumbaku nayo ni mmea kama mchicha, na maji yake ni sumu kali. Basi asili peke yake haitoshi. Lazima iwepo na kazi ya mtu mwenye maarifa.

Sasa, kilimo hai ni nini? Wako wanaodhani kuwa ni kulima bila kutia kitu chochote. Sivyo. Kulima mwaka hata mwaka bila kurudisha kitu ardhini ni kuila ardhi yenyewe. Kilimo hai ni kazi yenye sheria zake. Mwaka 2007 nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana juu ya sheria hizo, na mazao yanayozifuata yaliwekewa alama iitwayo Kilimohai. Mkulima wa namna hiyo hatii mbolea ya chumvichumvi wala hapulizi dawa zilizotengenezwa kwa kemikali. Badala yake hutia samadi iliyooza vyema na mboji, hupanda kunde ili ardhi ipate nguvu, hubadilisha mazao, na hutumia dawa za mimea zilizoruhusiwa, kama vile pareto. Tena wakulima waweza kujiunga katika kikundi na kukaguana shamba kwa shamba. Usione vyaelea, vimeundwa.

Je, mlaji hupata faida gani? Mwaka 2012 wataalamu wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walikusanya uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa, na katika vitamini hawakuona tofauti kubwa baina ya vyakula hivyo viwili; lakini waliona kuwa mabaki ya dawa za wadudu ni machache zaidi katika chakula cha kilimo hai. Mwaka 2014 wataalamu wengine, wakiongozwa na wale wa Newcastle, Uingereza, walisema kuwa mazao ya kilimo hai yana viini vingi zaidi vya kulinda mwili. Kwa hiyo juu ya nguvu ya chakula wenye elimu wangali wakibishana, ila juu ya mabaki ya dawa wamekaribiana.

Lakini sisi twaona kuwa mtu wa kwanza wa kufikiriwa si yule alaye nyanya, bali ni yule anayeilima. Ndiye abebaye bomba mgongoni, mara nyingi bila mifuko ya mikono wala kitambaa cha pua, na upepo humrudishia dawa usoni. Ndiye ambaye nyumbani kwake chupa tupu ya dawa huoshwa na kutiwa mafuta ya taa, au, Mungu aepushe, maji ya kunywa. Mkulima atumiaye dawa kwa kipimo kilichoandikwa, akajikinga, akangoja siku zilizoamriwa kabla ya kuvuna, aweza kuleta sokoni chakula kisichodhuru. Apulizaye leo akavuna kesho anauza sumu, hata kama nyanya zake zang'aa.

Wala tusiseme kuwa mbolea za viwandani zaweza kuachwa kwa siku moja. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilikataza kwa ghafula kuingiza mbolea na dawa hizo. Mavuno ya mpunga yakapungua, bei ya mchele ikapanda, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo amri ikalegezwa. Kwa upande mwingine, katika mashamba ya majaribio ya Thika na Chuka nchini Kenya, yaliyoanzishwa mwaka 2007, imeonekana kuwa mahindi ya kilimo hai yaweza kukaribiana na yale ya mbolea za dukani, ikiwa mkulima ana samadi na mboji za kutosha na ana subira ya miaka. Basi asiye na ng'ombe hata mmoja asilaumiwe kwa mfuko wake wa mbolea. Kwanza asaidiwe kuipata samadi.

Na sasa tugeukie porini. Ni kweli kuwa nyama ya swala, ya nyumbu au ya pofu haina mafuta mengi, nayo ina nguvu ya kujenga mwili. Wazee wetu waliila, wakaisifu. Lakini mnyama wa porini hana mchungaji wa kusema jana alikuwa mgonjwa. Liko gonjwa liitwalo kimeta, ambalo huua wanyama wa mwituni na mifugo, na watu pia. Mwaka 2004 na 2005 liliua mamia ya viboko katika hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda. Mnyama aliyekufa kwa kimeta mara nyingi hutoka damu nyeusi isiyoganda puani na mdomoni. Akipasuliwa, vijidudu vikipata hewa hujivika ganda, vikakaa udongoni miaka mingi. Na kuchemsha nyama kwa kawaida si kinga ya kutegemewa. Vilevile mwaka 1996, katika kijiji cha Mayibout nchini Gabon, watu walimwokota sokwe aliyekufa, wakamchuna na kumla. Waliomshika na kumkata ndio waliougua kwanza ugonjwa wa Ebola, na katika mlipuko ule watu 21 walikufa.

Kwa hiyo twasema kwa nguvu zetu zote: kibudu si kitoweo. Mnyama mliyemkuta amekufa msimguse, msimpasue, wala msiwape mbwa. Wekeni watoto mbali, mkamwite bwana mifugo au askari wa wanyama, yule ambaye wazee walimwita Bwana Nyama.

Tena liko jambo la sheria. Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977. Tanzania huruhusu kwa leseni, na mwaka 2020 zilitolewa kanuni za kuuza nyama ya porini katika mabucha yenye kibali. Msikilizaji aliye Kenya asidhani kuwa ruhusa ya jirani ni ruhusa yake. Na nyama ipitishwayo usiku mlango wa nyuma haina aliyeikagua. Pengine mnyama alining'inia siku mbili katika mtego wa waya, juani, huku inzi wakimla kabla yetu. Mtego huo haujui dume wala jike mwenye mimba. Na pori likiisha wanyama, wajukuu wetu watauliza swala ni kitu gani.

Hata nyama ya halali ina sharti lake. Risasi ikimpiga mnyama yaweza kuvunjika vipande vidogo sana, vikatawanyika mbali na jeraha, na madini yale hudhuru akili za watoto. Nyama ya kandokando ya jeraha ikatwe kwa wingi na kutupwa, wala isipikiwe mtoto au mama mwenye mimba. Iliyobaki ipikwe hata iive ndani kabisa.

Basi, mabibi na mabwana, twawaachia maswali matatu ya kuuliza sokoni, shambani na buchani. La kwanza: Chakula hiki kimetoka wapi? La pili: Kimepita mikononi mwa nani? La tatu: Nani amekikagua? Muuzaji awezaye kuyajibu yote matatu, mnunulieni, awe ametumia samadi au mbolea ya mfuko, awe ameleta nyama ya mbuzi au ya pofu. Ashindwaye kuyajibu, mwacheni na kikapu chake, hata akisema mara mia kuwa kitu chake ni cha asili. Jina zuri halimponyi mtu tumbo. Kinachomlinda ni uangalifu wa yule aliyelima, aliyechinja na aliyepika.