Kumtayarisha Majeruhi kwa Safari ya Ndege
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la madaktari peke yao, yaani kumtayarisha mtu aliyeumia vibaya ili apelekwe kwa ndege katika hospitali kubwa. Sisi makarani hatushiki kisu wala sindano. Twashika kalamu na simu. Lakini katika kazi hii vitu hivyo viwili vyaweza kuokoa roho ya mtu au kuipoteza.

Madaktari wa Ndege wa AMREF walianza kazi Nairobi mwaka 1957, na uwanja wao ni ule wa Wilson. Tangu hapo mgonjwa wa Lodwar au Marsabit aweza kufika Nairobi kwa muda wa saa chache. Hata hivyo, ndege si hospitali. Nafasi yake ni ndogo, na kelele humzuia daktari asisikie kifua vizuri. Kwa hiyo yawezekanayo kufanywa chini hayana budi kufanywa chini: njia ya pumzi iwe wazi, damu izuiwe, mifupa iliyovunjika ifungwe magango, na mgonjwa afunikwe blanketi, maana damu ya mwili uliopoa haigandi vema.

Tena hewa hutanuka kadiri ndege ipandavyo. Penye urefu wa futi 8,000, hewa iliyofungika huzidi kwa karibu theluthi kuliko ilivyokuwa pwani. Hewa kidogo iliyovuja kando ya pafu, ambayo chini haikumsumbua mgonjwa, angani yaweza kumbana pafu na moyo. Ndiyo sababu daktari humtia mpira kifuani kabla ya kuondoka. Oksijeni nayo ihesabiwe: lita 10 kwa dakika kwa saa 2 ni lita 1,200, na akiba juu yake, pamoja na mwendo wa gari pande zote mbili.

Sasa twafika kwenye kazi yetu. Kwanza, hospitali ipokeayo iwe imekubali kwa simu, na jina la daktari aliyekubali liandikwe. Pili, barua ieleze mambo manne: aliumiaje na saa ngapi, ameumia wapi, pumzi, mapigo, presha na fahamu zake zikoje, na amepewa nini, kiasi gani, saa ngapi.

Saa yataka uangalifu mwingi. Dawa ya asidi ya traneksamiki, isaidiayo kuzuia damu, yafaa kabla ya saa 3 kupita tangu kuumia. Ikichelewa yaweza kudhuru. Nasi twajua kwamba saa 2 asubuhi ya Kiswahili ni saa 8 ya Kizungu. Karani akiandika "saa 2" tu, apokeaye aweza kukosea kwa saa 6 nzima. Basi tuandike 0800, pasiwe na shaka. Vivyo hivyo saa ya kufungwa mkanda wa kuzuia damu.

Barua hiyo isitiwe katika mzigo wa jamaa. Ikabidhiwe mkononi, na nakala ibaki.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mabwana, roho ya mtu yapita mali.