Setilaiti Iliyoitwa Uhuru

(Muziki wa kufungulia. Unapungua.)

Nazungumza nanyi kutoka studio yetu hapa Kinindo, Bujumbura. Jioni kama hii jua linazama nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa. Wengi wenu mlitoka upande ule. Muda si mrefu nyota zitatokea, zilezile unazoziona wewe ukitoka nje ya nyumba yako.

Leo nakusimulia habari za mama mmoja aliyesimamia safari ya chombo cha kuchunguza nyota, kisha akakipa jina la Kiswahili.

Anaitwa Marjorie Townsend. Alizaliwa Washington, Marekani, mwaka 1930. Mwaka 1951 alipata shahada ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha George Washington. Kabla yake, chuo hicho hakikuwa kimempa mwanamke yeyote shahada ya uhandisi. Hebu fikiria kuingia darasa ambalo hakuna dada aliyekutangulia akamaliza.

Alifanya kazi katika maabara ya jeshi la majini. Mwaka 1959 akajiunga na NASA, shirika la anga la Marekani. Huko alishughulikia setilaiti za TIROS, zilizopiga picha za mawingu ili watu wajue hali ya hewa. Nyumbani alikuwa na watoto wanne wa kiume wa kulea. Baadaye akakabidhiwa mradi mzima wa setilaiti ndogo za kuchunguza nyota.

Setilaiti hizo zilikuwa za nini? Ukivunjika mfupa, hospitali wanakupiga picha ya eksirei. Nyota fulani nazo hutoa mionzi ya aina hiyo, lakini hewa inayoizunguka dunia huizuia isitufikie. Anayetaka kuiona lazima apeleke chombo juu kabisa, kupita hewa hiyo. Na njia nzuri ya kupita ilikuwa juu ya ikweta.

Ndiyo maana wakaja kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya mradi huo ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la chuma la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya. Hapo ni kama digrii 3 kusini mwa ikweta, karibu sawa na hapa Kinindo. Siku hiyo Wakenya walikuwa wakiadhimisha miaka 7 ya uhuru wao. Mama Townsend akapendekeza setilaiti iitwe Uhuru.

Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, haifiki hata magunia matatu ya kilo 50. Ilizunguka dunia kila baada ya saa moja na nusu na kidogo, ikikatiza anga la nchi zetu. Kwa miaka miwili na zaidi ilikusanya habari zilizowawezesha wataalamu kuorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mama Townsend mwenyewe hakupanda angani. Kazi yake ilikuwa hapa chini: fedha zitoshe, muda usipite, kila kifaa kipimwe kabla ya safari. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika NASA kusimamia urushaji wa setilaiti.

Sasa mzazi mwenzangu, tuzungumze. Pesa ya daftari ikikosekana, au foleni ya maji ikiwa ndefu, nani anabaki nyumbani? Mara nyingi ni binti. Kabla hujamtoa shuleni, nenda ukaongee na mwalimu wake. Kaka zake nao wabebe madumu, wapeane zamu.

Na wewe binti unayenisikiliza, hesabu inayokusumbua leo, hata mama huyu alianza nayo. Muulize mwalimu tena. Usione haya.

Mama Townsend alifariki mwaka 2015. Lakini popote duniani, anayesoma habari za mionzi ya nyota hukutana na neno hilo moja la Kiswahili, Uhuru. Mwanao anajua maana yake tayari. Mwache asome yaliyobaki.

Hadi kipindi kijacho, mbaki salama.

(Muziki wa kufungia.)