Mashua ya Matumbo Mawili

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani baada ya chakula cha mchana)

Ndugu Mwenyekiti, Walimu wetu, na ninyi ndugu zangu tuliokula maharage ya sufuria moja,

Katibu ameniomba niseme machache juu ya kazi yangu. Nikisema juu ya majalada mtasinzia, basi nitasema juu ya mashua.

Miaka michache iliyopita niliwekwa katika kamati ya kuchagua mashua ya kuvusha wauguzi na wagonjwa kati ya bara na visiwa. Nilipendekeza katamarani ndogo, ya futi 26, yenye mashine mbili za kupachika nyuma. Sahihi ya kwanza ni yangu.

Katamarani ni mashua mbili nyembamba zilizounganishwa kwa sakafu moja juu, na katikati hupita maji na upepo. Jina lenyewe ni la Kitamil, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja. Sisi wa pwani tusishangae: ngalawa zetu zina mirengu kwa sababu hiyo hiyo, kupata upana bila kuongeza uzito mwingi.

Mema yake niliyaona siku ya kwanza. Ikisimama haiyumbi ovyo. Mama mjamzito hushuka bila kushikwa na watu wanne. Huelea katika maji haba, jambo kubwa penye mikoko wakati wa maji kupwa. Mashine zimeachana, kwa hiyo ukipeleka moja mbele na nyingine nyuma, hugeuka pale pale. Moja ikizimika, nyingine itakufikisha, ingawa polepole. Na mawimbi ya mbele huyapasua bila kishindo kikubwa, maadamu haikulemewa.

Hapo ndipo penye kosa langu. Kamati ilihesabu watu, haikuhesabu mizigo. Matumbo membamba yakizidishiwa uzito huzama upesi, sakafu hukaribia maji, na kila wimbi huipiga kutoka chini kama nyundo. Mwalimu wetu wa Fizikia, ninayemwona pale mbele, alitufundisha habari za Archimedes mchana, baada ya ugali. Naomba aniwie radhi.

Siku moja, kusi likivuma, tulipakia abiria, madumu ya mafuta, na magunia ya mchele ya mkubwa mmoja ambaye sikuthubutu kumkatalia. Ndani alikuwamo mzee aliyevunjika paja. Tulipotoka nje ya mwamba, sakafu ilianza kupigwa, na kila pigo mzee alipiga kelele. Nahodha hakusema neno, alinitazama tu. Nikamwambia ageuze. Magunia yakashushwa, nami nikashuka. Mzee alivuka bila mimi.

Yako na mengine. Mawimbi ya ubavuni huitikisa harakaharaka, na tumbo la mlevi wa bahari halipendi. Ikikata kona kwa kasi huelekea kulalia nje. Upepo wa mbele hurudisha povu la katikati usoni mwa abiria. Tumbo moja likiingia maji mashua hulala upande, kwa hiyo kila ngama yataka pampu yake. Mashine mbili ni plagi, mafuta na propela maradufu, na fungu letu la matengenezo lilikadiriwa kwa mashine moja.

Sasa limekuja ombi la mashua ya pili. Nimeandika nikubali iwe katamarani tena, ila kikomo cha uzito kipakwe rangi ubavuni, kwa kilo, na asiwepo mkubwa wa kukivuka. Sentensi hiyo ya mwisho imezungushiwa wino mwekundu, na jalada halijarudi.