Hasira ya Mkubwa wa Hospitali

Waheshimiwa wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wetu mliokabidhiwa kusimamia hospitali:

Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, nitasema jambo moja tu.

Abubakar ar-Razi, tabibu aliyefariki yapata mwaka 925, alisimamia hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad. Pamoja na vitabu vyake vingi vya dawa, aliandika kimoja cha kuitibu nafsi, chenye milango 20. Na mlango mmoja akauweka kwa ajili ya hasira. Alijua ya kwamba hasira ya tabibu nayo ni maradhi.

Zamani nilikesha na ndugu yangu mgonjwa katika hospitali moja. Mchana nilimwona mkubwa wa pale akimkemea muuguzi mbele ya wagonjwa kwa kosa dogo. Usiku muuguzi yule yule akampa ndugu yangu dawa ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Alipotanabahi alitetemeka, akanisihi nisimwambie mtu. Nikamhurumia, nikanyamaza. Ndugu yangu alisalimika, lakini kunyamaza kule nakujutia mpaka leo.

Tazameni basi: mkubwa yule hakuzuia makosa, alizuia habari zake. Mwenye kuogopwa huletewa mazuri tu.

Kwa hiyo, vijana wetu, mkikasirika nyamazeni kwanza. Mkosaji mwulizeni faraghani. Na ajaye mwenyewe kukiri, mshukuruni, kisha mtengeneze palipoharibika kabla mgonjwa hajadhurika.

Wabillahi taufiki.