KARAMU NZURI PASIPO DENI
Mazungumzo kwa akina mama wa Lamu na visiwa vyake

Wazee wa pwani walisema, "Kukopa arusi, kulipa matanga." Maneno hayo ni machache, lakini yaeleza jambo linalozikuta nyumba nyingi. Siku ya furaha ikikaribia, unga, sukari na mafuta huchukuliwa dukani bila ya kupimwa, na jina la mwenye nyumba huandikwa katika daftari. Furaha hukaa jioni moja. Daftari hukaa miezi. Wageni wameisha sahau walichokula, na mama wa nyumba bado apunguza chakula cha watoto wake ili apate kulipa. Basi mazungumzo haya yana maana moja, nayo ni kuonyesha kwamba mgeni huheshimiwa kwa usafi, mpango na ustadi wa mikono, na kwamba katika visiwa vya Lamu karamu ya kupendeza yaweza kufanywa kwa fedha kidogo.

Nafasi za kukaribisha watu ni nyingi. Kuna arusi, akika, khitima na Idi mbili. Kadhalika kuna Maulidi ya Mfungo Sita, ambapo wageni hufika Lamu kutoka kila upande wa pwani kwa ajili ya sherehe za Msikiti wa Riyadha, na aghalabu nyumba hupokea watu ambao haikuwatazamia. Mama asiyekuwa na mpango siku kama hizo hukimbilia dukani. Mwenye mpango hutazama kwanza nyumbani mwake.

Jambo la kwanza ni kujua kitu gani chatoka karibu na kitu gani chatoka mbali. Unga wa ngano, sukari na mafuta hutoka bara. Mizigo hiyo huteremshwa Mokowe, ikavushwa kwa chombo hadi Lamu, kisha ikachukuliwa na punda katika vichochoro vya mji. Nauli zote hizo zimo ndani ya bei. Nazi, ndimu, ukwaju na samaki ni vitu vya huku huku. Kwa hiyo karamu ya busara hujengwa juu ya nazi na samaki, na unga wa dukani huwa msaidizi tu.

Lakini yafaa majira yaangaliwe. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, na samaki huwa wengi. Wakati wa kusi mawimbi huwa makubwa, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya miamba, na bei ya samaki hupanda. Kwa kuwa Mfungo Sita hufuata mwezi wa mbinguni, miaka mingine Maulidi huangukia katika kusi. Hapo mama mwenye akili hatashindana na bahari. Atajaza sambusa zake viazi na vitunguu, au ataloweka kunde, azimenye na kuzisaga, akaange bajia. Mgeni hataona upungufu wo wote.

Jambo la pili ni hesabu. Na ichukuliwe nyumba itakayopokea wageni 20 baada ya sala ya alasiri. Kila mmoja akipewa sambusa 2, vipande 2 vya mkate wa sinia, kaimati 3 na kashata 2, atakuwa amekirimiwa vema. Kwa hiyo zatakiwa sambusa 40, vipande vya mkate 40, kaimati 60 na kashata 40. Hesabu hiyo na iandikwe kabla ya mtu ye yote kutumwa dukani.

Sambusa. Unga wa ngano nusu kilo hukandwa kwa maji na chumvi, ukagawanywa madonge 10. Kila donge husukumwa jembamba, likababuliwa kidogo juu ya kikaango, kisha likakatwa mara nne, zikapatikana manda 40. Samaki wa kilo moja na nusu, kama vile kolekole au jodari mdogo, huchemshwa, akatolewa miiba na kuchambuliwa. Vitunguu vinne vilivyokatwakatwa hutiwa pamoja na pilipili, dania na maji ya ndimu, vikakaushwa motoni mpaka maji yote yaishe. Maji yakibaki, manda hulowa na sambusa hupasuka katika mafuta. Kila moja na ijazwe kijiko kimoja tu, na midomo yake ifungwe kwa uji mzito wa unga.

Mkate wa sinia. Kwa mkate mmoja, mchele vikombe viwili hulowekwa usiku kucha. Asubuhi huchujwa, ukasagwa laini sana pamoja na tui zito la nazi moja, lisilozidi kikombe kimoja na nusu. Hutiwa sukari kikombe kimoja, hamira kijiko kidogo kimoja, na iliki. Ukiisha kuumuka humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto. Makaa machache huwekwa chini, na makaa mengi juu ya kifuniko, mpaka uso uwe mwekundu. Mikate miwili, kila mmoja ukikatwa vipande 20, yatosha.

Kaimati. Unga nusu kilo huchanganywa na tui jepesi vikombe viwili na hamira kijiko kidogo kimoja na nusu, ukapigwa kwa mkono mpaka uwe laini, kisha ukaachwa kwa muda wa saa moja. Huchotwa kidogo kidogo na kudondoshwa katika mafuta ya moto wa kadiri. Moto ukizidi, nje huungua na ndani hubaki mbichi. Shira yake ni sukari nusu kilo na maji kikombe kimoja pamoja na iliki, ikachemshwa mpaka inate vidoleni.

Kashata. Sukari nusu kilo huchemshwa na maji nusu kikombe mpaka ianze kuvuta. Nazi mbili zilizokunwa hutiwa humo, zikakorogwa pasipo kupumzika mpaka ziachane na sufuria. Nusu yake huachwa nyeupe, na nusu hutiwa tone la rangi nyekundu ya chakula. Hutandazwa katika sinia iliyopakwa mafuta, zikakatwa kwa kisu zingali na vuguvugu. Zikiisha kupoa hazikatiki, bali huvunjika ovyo.

Kinywaji na kiwe maji ya ukwaju. Ukwaju robo kilo hulowekwa katika maji lita 4 yaliyochemshwa, ukafikichwa, ukachujwa kwa kitambaa safi, ukatiwa sukari vikombe viwili na tangawizi kidogo. Hupatikana bilauri 20. Baadaye hufuata kahawa chungu.

Sasa na itazamwe hesabu ya dukani. Unga wa ngano ni kilo 1, sukari haifiki kilo 2, mchele haufiki kilo 1, na mafuta ni lita 1, pamoja na hamira, iliki na vitu vidogo vidogo vya kuungia. Mengine ni nazi 5, samaki, ndimu na ukwaju. Mzigo wote huo mtoto mmoja aweza kuuchukua katika vikapu viwili. Mama aliyeweka akiba ya senti kila juma ataulipia papo hapo, wala daftari halitafunguliwa.

Jambo la tatu ni kupendeza kwa macho. Watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa jambo hilo na mtu mwingine. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate mafundi walichonga zidaka ukutani, na ndani yake zikapangwa sahani za Kichina ili mgeni azione aingiapo. Roho ile ile yafaa itawale sinia ya chakula. Vipande vyote na viwe vya kadiri moja, maana kikubwa kikikaa karibu na kidogo, mmoja wa wageni huona amepunjwa. Kashata nyeupe na nyekundu zipangwe kwa kupokezana. Sambusa ziwekwe kwa duara, na vipande vya ndimu katikati. Asumini ziwekwe kando ya sinia, si juu ya chakula. Mwisho sinia ifunikwe kwa kawa safi la ukili, ambalo huzuia nzi na tena ni pambo lenyewe.

Jambo la nne ni wakati. Kashata na zipikwe siku mbili kabla, kwa kuwa hazichachi upesi. Mchele ulowekwe usiku wa kuamkia karamu, na mikate ichomwe asubuhi. Baada ya adhuhuri zikaangwe kaimati, na sambusa zifuate wageni wakianza kuingia. Utaratibu huo una faida mbili: sambusa hufika zikiwa moto, na mafuta yale yale hutumika kwa vyote viwili bila ya kaimati kunuka samaki. Kazi yenyewe ni ya mikono mingi. Jirani wawili watatu wakikaa barazani kufunga manda, kazi ya nusu siku huisha kwa saa moja, na zamu yao ikifika nao husaidiwa.

Pamoja na hayo, yako mambo ambayo hayafai kufanyiwa ubahili. Maji ya kunywa ni lazima yachemshwe. Tui lisikamuliwe mapema, maana kwa joto la pwani huharibika upesi. Samaki wa jana asinunuliwe kwa sababu ya urahisi wa bei yake. Mgeni akiugua kwa chakula, akiba yote iliyopatikana ni hasara.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimwachia binti yake wasia kwa utenzi, na miongoni mwa mashauri yake ni unadhifu wa nyumba. Mama wa nyumba ambaye chombo chake ni safi, hesabu yake ni sawa na uso wake ni mkunjufu, aufuata wasia huo. Wageni wake watashukuru na kwenda zao. Kesho yake atapita mbele ya duka kwa amani, wala hataitwa na mtu, na watoto wake watakula chakula chao cha kila siku kama kawaida.